Gawa kwa 230: Hesabu za Umeme na Swali Linalosahaulika

Chini ya mabirika mengi ya umeme yanayouzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, kuna kibandiko kidogo chenye maandishi kama haya: 220–240V, 1850–2200W. Mnunuzi huuliza bei, hukagua ujazo, huomba lijaribiwe kama linawaka, kisha hulipa na kuondoka. Kibandiko hakimshughulishi. Lakini kwa nini mtengenezaji ameandika nguvu ya birika kwa namba mbili badala ya moja?

Jibu limo humohumo kwenye kibandiko. 220 ikizidishwa kwa 220, kisha ikagawiwa kwa 1,850, inatoka 26.2. 240 ikizidishwa kwa 240 na kugawiwa kwa 2,200, inatoka 26.2 vilevile. Birika hilo halina nguvu mbili. Lina ukinzani mmoja, takriban omu 26, na nguvu yake hupanda au kushuka kwa kufuata volti linazopewa.

Hesabu ya namna hii imetoka darasani na kuingia jikoni. Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Gesi ndiyo iliyosemwa zaidi, ila umeme nao umo, na majiko ya presha yanaingia katika nyumba ambazo nyaya zake zilitandazwa wakati mzigo mkubwa kuliko yote ulikuwa pasi ya Jumapili jioni. Je, nyaya hizo zitahimili? Uniti zitatosha? Na kwa nini umeme ukipungua birika huchelewa tu, ilhali friji huungua?

Maswali yote matatu yanajibiwa na vipimo viwili: volteji na mkondo. Mwenye navyo anaweza kupata ukinzani kwa kugawanya, R = V ÷ I, na nguvu kwa kuzidisha, P = V × I. Fundi akibana klampu mita kwenye waya mmoja wa birika lile na kusoma ampea 8.8, huku soketi ikisoma volti 230, basi ukinzani ni 230 ÷ 8.8, yaani omu 26.1, na nguvu ni 230 × 8.8, yaani wati 2,024. Hakuna kingine cha kukariri hapo. Mwanafunzi wa sekondari hufanya hesabu hii kwa dakika moja.

Ugumu huanza pale kanuni hizo mbili zinapounganishwa. Mkondo ukiondolewa kwenye hesabu ya nguvu, inabaki P = V² ÷ R. Volteji ikiondolewa, inabaki P = I² × R. Ya kwanza inasema ukinzani ukiongezeka nguvu inapungua. Ya pili inasema ukinzani ukiongezeka nguvu nayo inaongezeka. Wanafunzi wengi hukwama hapa, na baadhi ya mafundi wazoefu pia, kwa sababu kanuni zinaonekana kupingana ilhali zote ni sahihi.

Hazipingani. Kila moja ina mahali pake, na mahali hapo hutambulika kwa swali moja ambalo vitabu hulipita haraka: katika umeme huu unaopigiwa hesabu, ni kipi kilichoshikiliwa kisibadilike? Kwenye soketi ya nyumbani kilichoshikiliwa ni volteji. Ndani ya waya unaolisha birika, mkondo umekwisha kuamuliwa na birika lenyewe. Kwenye laini ndefu ya gridi, kilichopangwa ni nguvu inayotakiwa kufika upande wa pili. Anayejua yuko katika hali ipi kati ya hizo tatu hapotei tena.

Historia ya kanuni yenyewe inaonyesha uzito wa swali hilo. Georg Simon Ohm alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia mjini Cologne, Ujerumani. Majaribio yake ya mwanzo, mwaka 1825, yalimsumbua kwa sababu betri za siku zile hazikuwa na umeme thabiti; volti zilishuka wakati jaribio likiendelea, na vipimo vikaenda mrama. Alipoacha betri na kutumia kiungo cha shaba na bismuthi, upande mmoja ukiwa kwenye maji yanayochemka na wa pili kwenye barafu, alipata umeme mdogo lakini usiotikisika. Hapo ndipo uhusiano ulipojitokeza wazi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1827, kikapokelewa kwa ubaridi nchini mwake. Heshima ilikuja baadaye: mwaka 1841 Royal Society ya London ilimpa nishani ya Copley.

Hakuwa wa kwanza kabisa. Mwingereza Henry Cavendish, aliyefariki mwaka 1810, alikuwa ameukaribia uhusiano huohuo bila kifaa chochote cha kupimia mkondo. Aliupitisha umeme mwilini mwake na kulinganisha mitetemo aliyoihisi. Hakuchapisha. Maandishi yake yalihaririwa na James Clerk Maxwell na kutolewa mwaka 1879, wakati jina la Ohm lilikuwa limekwisha kushika mizizi.

Nusu ya pili, ile ya nguvu, ilitoka karibu na Manchester. James Prescott Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia, alitumbukiza nyaya kwenye maji, akapitisha mkondo na kupima jinsi maji yalivyopata joto. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1841 yalikuwa kwamba joto halifuati mkondo wenyewe bali mkondo uliozidishwa kwa wenyewe. Mkondo ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Ukiwa mara tatu, joto huwa mara tisa. Moto mwingi unaoanzia kwenye nyaya za nyumba una mzizi wake hapo.

Hali ya kwanza, basi, ni ya soketi. Tanzania hutumia volti 230 na Kenya 240, na kazi ya shirika la umeme ni kuhakikisha namba hiyo haiyumbi sana. Kila kifaa huja na ukinzani wake, na mkondo huwa matokeo. Pasi ya wati 1,000 kwenye volti 230 huvuta ampea 4.3, kwa hiyo ukinzani wake ni kama omu 53. Birika la wati 2,000 huvuta ampea 8.7, omu 26. Hita ya bafuni ya wati 5,400 huvuta ampea 23.5, na ukinzani wake haufiki hata omu 10. Taa ya LED ya wati 9 haivuti hata sehemu ya kumi ya ampea.

Mpangilio huo unawashangaza wengi. Kifaa chenye nguvu kubwa ndicho chenye ukinzani mdogo. Kinachotoa joto kali hakiupingi umeme sana. Kinauachia upite kwa wingi. Na kila kifaa kinachoongezwa kwenye ekstensheni hushusha ukinzani wa jumla, kwa kuwa kinafungua njia nyingine kando ya zile zilizopo. Birika la wati 2,000, pasi ya 1,200 na jiko dogo la 1,000 vikiwaka pamoja ni wati 4,200, sawa na ampea 18. Plagi ya pini tatu za mraba inayotumika Afrika Mashariki ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Fyuzi ikikatika hapo, imefanya kazi iliyowekewa. Anayeifunga kwa kipande cha waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara hajatengeneza plagi. Ameuhamishia mzigo waya ulio ukutani.

Waya huo ni hali ya pili, na hapa kanuni ya Joule ndiyo inayotawala. Waya hauchagui mkondo. Birika limekwisha kuamua kuvuta ampea 8.7, na waya lazima uzipitishe, uwe mnene au mwembamba. Kinachobaki kuulizwa ni ukinzani wa waya wenyewe.

Mfano wa ekstensheni ya mita 10 unatosha kuonyesha. Nyingi za bei rahisi zina nyaya za shaba zenye unene wa milimita mraba 0.75. Kwa viwango vya kimataifa, waya laini wa unene huo una ukinzani wa omu 26 kwa kilomita. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo urefu wa kuhesabu ni mita 20, na ukinzani ni omu 0.52. Birika likiwaka, volti kama 4.5 hupotelea njiani na karibu wati 40 hugeuka joto ndani ya waya. Waya ukiwa umenyooshwa sakafuni, joto hilo hutawanyika na hakuna anayelihisi. Ukiwa umeviringwa na kufunikwa na zulia, joto halina pa kutokea. Na ampea zikiwa 18 badala ya 8.7, wati hizo 40 huwa karibu 170.

Hatari kubwa zaidi huwa kwenye kiungo. Plagi iliyolegea au nyaya mbili zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa selotepu zinaweza kuwa na nusu omu palepale zinapogusana. Kwa mkondo wa birika, nusu omu hiyo hutoa wati 38 mahali pasipozidi ukubwa wa punje ya mahindi. Mafundi redio hutumia chuma cha wati 40 kuyeyusha risasi. Soketi yenye doa la kahawia pembeni ya tundu inaonyesha kwamba hesabu hiyo imekwisha kufanyika yenyewe, tena zaidi ya mara moja.

Ndiyo maana nyumba iliyotandazwa vizuri haina waya wa aina moja. Taa hupewa waya wa milimita mraba 1.5, soketi 2.5, na jiko au hita ya bafuni 6 au zaidi, kila njia na breka yake. Breka haipo kulinda birika. Ipo kulinda waya, na ukubwa wake huchaguliwa kwa waya ulioko nyuma yake. Fundi anayebadilisha breka ya ampea 20 na kuweka ya 32 kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa ikikatika kila mara, bila kugusa waya, ameondoa mlinzi akaacha tatizo.

Sasa umeme upungue. Jioni, mtaa ulio mwisho wa laini hupika kwa pamoja, transfoma hulemewa, na volti 230 hushuka hadi 180. Volteji imepungua kwa asilimia 22 tu, lakini nguvu ya birika hufuata mraba wa volteji. 180 kwa 180, gawa kwa 26.2, ni wati 1,237. Birika limepoteza karibu asilimia 40 ya nguvu yake. Lita moja na nusu ya maji ya nyuzi 25 iliyokuwa ikichemka kwa dakika nne sasa inachukua zaidi ya sita.

Je, uniti zinaokolewa? La. Maji yanahitaji joto lilelile ili yachemke, takriban uniti 0.13, na birika dhaifu hulilipa taratibu kwa muda mrefu zaidi. Kwa kweli linatumia zaidi kidogo, maana dakika za ziada ni dakika za joto kupotea hewani.

Friji na pampu ya maji zina kisa kingine usiku huohuo. Mota haina ukinzani usiobadilika. Inapozunguka huzalisha volteji yake yenyewe inayosukuma kinyume na ile ya soketi, na hiyo ndiyo inayoubana mkondo. Volti za soketi zikishuka na mzigo ukabaki uleule, mota hujaribu kuimaliza kazi ileile kwa kuvuta ampea nyingi zaidi. Ampea zikiongezeka, joto kwenye koili huongezeka kwa mraba. Hali ikizidi, mota hushindwa kuzunguka kabisa, volteji ya kinyume hutoweka, na kinachobaki kuuzuia mkondo ni kizuizi kidogo cha koili yenyewe. Ampea huruka mara kadhaa. Koili ya friji haikutengenezwa kwa ajili ya hilo, na harufu ya kuungua hufuata. Ndiyo sababu mota yoyote, hata nzima, huvuta mara tano hadi saba ya mkondo wake wa kawaida inapoanza, na taa za nyumba hufifia kidogo pampu inapowashwa.

Chaja za simu na za kompyuta ni kundi la tatu. Zimeandikwa 100–240V kwa kuwa ndani yake kuna sakiti inayoshikilia nguvu. Volti zikipungua, chaja huongeza mkondo ili wati zibaki palepale, na simu haijui kwamba kuna jambo lolote. Kwa hiyo nyumba moja, soketi moja, jioni moja, ina vifaa vya tabia tatu: vinavyoshikilia ukinzani, vinavyoshikilia nguvu, na vinavyotegemea kama mota inazunguka au imekwama. Stabilaiza ina faida kwa friji. Kwa birika ni fedha ya kutupa.

Taa ya zamani ya waya mwembamba ina mtego wake. Ya wati 60 kwenye volti 230 huvuta ampea 0.26, hivyo inapowaka ina omu zaidi ya 880. Fundi akiipima ikiwa imezimwa, mita yake itasoma chini ya moja ya kumi ya hapo, kwa kuwa ukinzani wa tungsteni hupanda sana na joto, na waya wa taa inayowaka hupita nyuzi 2,000. Akitumia omu za taa baridi kutafuta nguvu atapata mamia ya wati, jibu ambalo halipo. Hapa kipimo hakina kosa. Alichokosea ni kuchanganya ukinzani wa hali moja na volteji ya hali nyingine. V na I lazima visomwe kwa pamoja, kifaa kikiwa kazini. Birika halina tatizo hilo, maana aloi ya nikeli na kromiamu iliyo kwenye koili yake hubadilika kidogo mno, na mita ikiwekwa kwenye pini za plagi yake, likiwa limechomolewa na swichi yake imewashwa, itasoma zile omu 26.

Mota na transfoma zina tahadhari nyingine. Katika mkondo geu, volteji na mkondo wa mota havipandi na kushuka kwa pamoja. Mkondo hubaki nyuma kidogo. Kuzidisha V kwa I hapo hakutoi wati bali volti-ampea, na wati halisi huwa pungufu. Pampu iliyoandikwa nguvu farasi 1 hutoa takriban wati 746 kwenye shafti, lakini ikivuta ampea 5 kwenye volti 230, hesabu inatoa 1,150. Sehemu ya tofauti hiyo ni huko kupishana, sehemu ni joto na msuguano ndani ya mota. Jenereta huandikwa kVA kwa sababu hiyohiyo: nyaya zake hubeba mkondo wote, ule unaofanya kazi na ule unaokwenda na kurudi bure. Mwenye duka anayenunua jenereta kwa kujumlisha wati za vifaa vyake huishia na mashine ndogo kuliko mahitaji.

Vijijini ambako sola imetangulia gridi, hesabu zilezile hubadilika sura kwa sababu volteji ni 12. Nyumba yenye taa, televisheni na feni zinazofikia wati 120 inahitaji ampea 10 kutoka kwenye betri. Betri ikiwa mita 10 kutoka kwenye vifaa, na waya ukiwa ule wa taa wa milimita mraba 1.5, wenye omu 12.1 kwa kilomita, ukinzani wa kwenda na kurudi ni omu 0.242. Volti 2.4 zinapotea, moja ya tano ya zile 12. Wati 24 zilizokusanywa kwa jua la mchana zinapasha ukuta joto, na televisheni inazimika wakati betri bado ina umeme. Wati hizohizo 120 zikipita kwenye waya uleule kwa volti 230 zingekuwa nusu ampea, na upotevu usingefika hata sehemu ya kumi ya wati. Tofauti ni mara 367. Mteja anayelalamika kwamba paneli ni feki mara nyingi anapaswa kwanza kusogeza betri karibu au kununua waya mnene.

Namba hiyo ya 367 ndiyo sababu ya minara mirefu inayokatiza mashamba. Katika hali ya tatu, ya gridi, nguvu imepangwa na mhandisi yuko huru kuchagua volteji. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na umeme wake huondoka kwenda Chalinze kwa kilovolti 400. Kwa hesabu ya fezi tatu, nguvu hiyo yote kwa volteji hiyo ni takriban ampea 3,050. Ingesafirishwa kwa volti 400, kipimo kinachopatikana kati ya fezi na fezi kwenye nguzo za mtaani, ingekuwa ampea zaidi ya milioni 3. Mkondo mara 1,000. Upotevu, kwenye waya uleule, mara 1,000,000. Hakuna waya wa kubeba hilo.

Mfano wa pili uko kaskazini. Laini kati ya Ethiopia na Kenya, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000 hadi Suswa, iliundwa kubeba megawati 2,000 kwa mkondo mnyoofu wa kilovolti 500 juu ya sifuri na 500 chini yake. Kati ya waya na waya ni kilovolti 1,000. Megawati 2,000 zikigawiwa kwa volti milioni moja zinatoa ampea 2,000 kamili. Mkondo wa umeme unaoweza kulisha miji ni sawa na ule wa mabirika 230 tu. Kinachotofautiana ni volteji.

Mtu anayesikia namba za namna hiyo huuliza lile swali la vijiweni: kinachoua ni volti au ampea? Jibu la fundi wa mtaani, kwamba volti haziui bali ampea, ni nusu ya ukweli. Kinachoharibu mapigo ya moyo kweli ni mkondo unaoupita, na kifaa cha kukinga watu huwekwa kikate umeme ukivuja kwa miliampea 30, yaani ampea 0.03. Lakini mkondo hautoki hewani. Mwili nao ni ukinzani uliounganishwa kwenye volteji iliyoshikiliwa na soketi. Ngozi kavu inaweza kuwa na omu makumi ya maelfu. Ikilowa, ukinzani wa mwili unaweza kushuka hadi kama omu 1,000, na 230 ÷ 1,000 ni miliampea 230, zaidi ya mara saba ya kiwango cha kifaa kile. Anayetumbukiza mkono kwenye ndoo kuonja kama maji yamepata moto, hita ya kutumbukiza ikiwa bado imechomekwa na miguu ikiwa kwenye sakafu yenye maji, amepunguza ukinzani wake kwenye ncha zote mbili kwa wakati mmoja. Breka ya kawaida ya ampea 20 haitamsaidia, kwani kwa breka hiyo miliampea 230 ni sawa na taa chache.

Linabaki suala la fedha. Nguvu ni kasi ya kutumia; kinacholipiwa ni nguvu mara muda. Wati 1,000 kwa saa moja ni uniti moja. Kwa bei zilizoanza kutumika Tanzania mwaka 2016, mteja wa kawaida alitozwa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na mwenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, shilingi 100. Hizo 292 zikiongezewa kodi na tozo hufika kama 356. Maji ya chai ya lita moja na nusu, uniti 0.13, hayafiki shilingi 50. Kinachomaliza uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, si kifaa chenye wati nyingi kinachowaka dakika nne. Pasi, friji kuukuu yenye mpira wa mlango uliochakaa, na hita ya bafuni inayofunguliwa nusu saa ndivyo vyenye wati na muda kwa pamoja. Hita ile ya wati 5,400 kwa nusu saa ni uniti 2.7, maji ya chai ya mara ishirini.

Kwa nyumba inayojiandaa kupika kwa umeme, basi, hesabu hizi haziamui kwamba umeme ni ghali au ni hatari. Zinaonyesha kwamba jiko la presha la wati 1,000, lenye ampea 4.3, linabebwa bila shida na soketi yoyote iliyotandazwa kwa waya wa 2.5, hata katika nyumba ya zamani. Jiko la sahani mbili la wati 2,500, lenye karibu ampea 11, linahitaji soketi yake peke yake, lisichangie na pasi. Jiko la oveni la wati 6,000, ampea 26, lisiwekwe bila njia mpya kutoka kwenye meni swichi. Ekstensheni haina nafasi katika orodha hii, isipokuwa kwa jiko la kwanza, tena iliyonyooshwa.

Mamlaka za udhibiti wa nishati, EWURA nchini Tanzania na EPRA nchini Kenya, hutoa leseni kwa mafundi umeme, na mwenye nyumba ana haki ya kuulizia leseni hiyo kabla kazi haijaanza. Aulizie pia karatasi moja yenye safu nne: kifaa, wati zake, ampea zake baada ya kugawa kwa 230, na unene wa waya pamoja na breka vitakavyokibeba. Fundi anayeijua kazi yake ataijaza papo hapo. Anayeshindwa, au anayesema haina haja, asipewe nyumba hiyo aitandaze.